Mezamaneno ya Mama Vitalina

Kisu changu kina upana wa milimita tatu, na kila kinapopita kwenye mezamaneno kinakula siku kumi za maisha ya mtu. Hilo namwambia kila mteja kabla hajashusha mzigo wake, kwa sababu wengi huja hapa Ipogolo wakidhani nakata kaunta za jikoni kama seremala anavyokata mbao za dari. Wakishanielewa, wengine hurudi nyumbani na ubao wao. Wanaobaki huniuliza swali lile lile: siku zipi?

Atilio na Gaudensia walibaki. Walikuja Jumatatu asubuhi, kaka na dada, wamebeba ubao uliofungwa blanketi, na dada hakutaka uguse chini. Ikabidi wasimame nao mikononi wakati naondoa makorokoro yangu juu ya meza. Walipoufungua niliona kaunta ya kawaida, nyeupe yenye chembe za kijivu, upande wa sinki ina doa la manjano ambalo halitoki tena.

"Ni ya mama yetu, Mama Vitalina," akasema Atilio, mwalimu wa shule ya msingi kule Mafinga. "Arobaini tumemaliza Jumamosi. Tumekubaliana tuigawe. Nusu yangu, nusu ya Gaudensia."

"Mmekubaliana au umemwambia?" nikauliza, maana uso wa Gaudensia haukuwa wa mtu aliyekubaliana na lolote.

"Tumekubaliana, mama," Gaudensia akajibu. Alikuwa amevaa sare za unesi, ameomba ruhusa kazini. "Lakini mimi ndiye niliyekaa naye. Miaka ya mwisho ni yangu."

"Nilimpeleka kwanza kwa fundi mwenye mashine kubwa," Atilio akasema. Nilipenda alivyosema "nilimpeleka". "Akaniambia kisu chake ni milimita kumi na mbili."

"Angekula siku arobaini nzima," nikamwambia. "Weka hapa."

Mashine yangu ni kitu cha kuchezea. Ilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaochonga majina kwenye vibao vya milangoni siku za mapumziko, na mota yake haina nguvu kuliko ya blenda. Mafundi wenzangu wa mjini hunicheka. Lakini mezamaneno haitaki nguvu. Ni plastiki ngumu iliyochanganywa na unga wa mawe, na maneno yamelala ndani yake. Mota kubwa huipasha moto, na ikishapata moto maneno yanayeyuka na kushikana, sala ya jioni inaganda kwenye ugomvi wa asubuhi. Mimi naikwangua nusu milimita, narudi, nakwangua nusu nyingine. Natazama kinachotoka. Kikitoka kama chumvi ya mawe, mambo ni mazuri. Kikitoka kama uzi, nimechelewesha kisu na tayari naunguza. Ubao mmoja hunichukua siku nzima.

Kiwandani ina jina refu lenye namba. Sisi tuliiita mezamaneno wiki ile ile ilipoingia madukani, kwa kuwa ni meza na inameza. Ilikuja kuwasaidia wazee wanaosahau. Bibi anauliza, "Nimezima jiko?" na meza inamjibu kwa sauti yake mwenyewe kwamba amezima. Ilikuwa jambo jema kabisa. Kisha ikaja sheria kwamba maneno yaliyomo ni ushahidi, na jikoni kukapoa. Siku hizi ukiingia kwenye nyumba yenye mezamaneno utasikia mume na mke wanaongea kama wanaandikiana barua za kiserikali. "Naomba kukufahamisha kwamba maharage yameiva." Utani umekimbilia uani, na hata huko watu wanatazama ukutani kwanza.

Niliubandika ubao kwenye kitanda cha mashine kwa mtindo wangu: selotepu ya karatasi chini ya ubao, selotepu nyingine juu ya kitanda, supaglu katikati. Unashika kama umezaliwa hapo, na ukimaliza unabandua bila kuuumiza. Nikavaa hedifoni, nikateremsha sindano ya kusikilizia pembeni mwa ubao, pale katikati.

Ninachotafuta siku zote ni kimya. Kila mtu huwa na siku kumi alizosafiri, au alizolazwa, au alizomnunia mwenziwe. Kisu kikipita hapo hakuna kinachopotea. Ila huyu mama! Miaka kumi na mmoja jikoni, na hakufunga mdomo. Akikosa mtu anaisema sufuria. Akimaliza sufuria anawasema majirani kwa majina. Nilicheka peke yangu mpaka Gaudensia akaniuliza kuna nini, nikamwambia mama yako alikuwa mtu. Nikasogeza sindano kulia, kuelekea miaka ya mwisho, nikitumaini labda ugonjwa ulimnyamazisha kidogo.

Ndipo nikasikia sauti ya mwanamume mzee.

"Vitalina, mla mbwa wewe. Nimekuletea sumu yako. Kula ufe haraka, nikuzike nikalale."

Na mama akajibu, "Lete. Ya Ijumaa iliyopita ilikuwa kidogo, hata sikuisikia. Weka nyingi. Gaudensia asijue."

Niliinua sindano. Nikaishusha tena palepale, nikasikiliza mara ya pili, na maneno yalikuwa yale yale. Kiwanda kiliifundisha meza kushika maneno tu. Kikohozi, kishindo cha vyombo, kilio, kicheko, vyote huchujwa ili nafasi isijae. Kwa hiyo kinachobaki ni sauti kavu, na kwa sauti kavu yale yalikuwa maneno ya watu wawili wanaopanga kifo.

Kwenye ukuta wangu kuna fomu. Kila ubao ninaokata una fomu yake, na swali la tatu ni hili: Je, katika ubao huu kumesikika tishio la kifo? Ndiyo. Hapana. Fundi anatia sahihi na mrithi anatia sahihi. Ukijaza Ndiyo, ubao unakwenda Maabara ya Sauti, na wao hawasikilizi kwa sindano ya pembeni. Wanausaga, tabaka baada ya tabaka, kila chembe inasomwa mara moja na haisomeki tena. Ndugu hurudishiwa mfuko wa unga na karatasi ya maandishi yaliyopigwa mihuri.

Nitasema ukweli wangu. Kitu cha kwanza nilichofikiria ni kupitisha kisu palepale. Milimita tatu tu. Nusu zisingekuwa sawa, ningesema ubao ulikuwa na ufa, na watoto wale wangeondoka na mama yao bila kujua lolote. Nilishawahi kufanya hivyo. Mwanamume wa Kihesa aliniletea kaunta yake nimtengenezee vibao vya kukatia nyama, nikasikia humo anamwambia mkewe, Nasra, kwamba atamvunja miguu. Nikasema moyoni, maneno ya ndani ya nyumba hayo, nani hasemi? Nikakata. Baada ya miezi mitatu Nasra akaanza kutembelea fimbo. Tukikutana sokoni ananisalimia vizuri, ananiuliza habari za mgongo wangu, na mimi nashindwa kumtazama.

Nikavua hedifoni. "Njooni msikilize," nikasema.

Atilio alisikiliza akiwa amesimama. Gaudensia alisikiliza akiwa ameshika ukingo wa meza, na alipofika mwisho hakuvua hedifoni. Alibaki nazo masikioni kama mtu anayesubiri maelezo.

"Huyo ni Mzee Osmundi," Atilio akasema. "Osmundi Komba, yule Mngoni. Walifanya kazi na mama kiwanda cha nyanya miaka ishirini, wanachagua mbovu na nzima mkanda mmoja. Gaude, si unajua? Mama Mhehe, yeye Mngoni. Ni mtani wake, matusi ni ruhusa."

"Mtani?" Gaudensia akasema. "Mtani ndiye wa kwanza kufika msibani, kaka. Mtani ndiye anayelala kwenye kaburi anasema hazikwi mtu mpaka apewe kuku. Huyo alikuwa wapi siku ya kumzika mama? Hata arobaini hakuja. Anakaa Mlandege hapo, angekuja kwa miguu."

Niliona shaka inamwingia Atilio pia, na nilimhurumia.

"Na mama ndiye anayesema aongeze," Gaudensia akaendelea, na sauti yake ikaanza kukatika. "Mnasikia? Anaomba aongezewe. Nilimwogesha, nilimlisha, nililala chumba kimoja naye. Kumbe alikuwa anataka kufa mikononi mwangu, na ananificha." Akatoa simu. "Mama fundi, maabara namba yao ipo kwenye fomu?"

"Ipo. Lakini ukishaipiga, mama yako anakwenda kusagwa. Hutasikia tena anavyoisema sufuria."

"Na nisipopiga?"

Nilimfikiria Nasra na fimbo yake. "Sijui, mwanangu," nikamwambia. "Kweli kabisa sijui."

Atilio akasema anakwenda Mlandege, tumsubiri. Alisema kwa ukali wa mwalimu, na Gaudensia akaiweka simu juu ya ubao, kioo chini. Tukakaa. Nilimpa chai, hakunywa. Nilifagia ambapo hapakuwa na vumbi.

Mzee Osmundi alikuja ndani ya saa moja, mwembamba, koti la baridi limefungwa vifungo vyote, kofia mkononi. Atilio hakuwa amemwambia kitu, hilo niliona mara moja, kwa sababu mzee alipoingia alitazama ubao kabla ya kututazama sisi, akaweka kiganja juu ya lile doa la manjano.

"Mmemng'oa," akasema taratibu.

"Shikamoo," Gaudensia akamwambia, kwa sauti ambayo ingeweza kuwa tusi. "Sikiliza hapa."

Nikamvalisha hedifoni. Akasikiliza mpaka mwisho, akakunja uso, akaniomba nirudie.

"Mbona tunaongea kama tunasomeana hukumu?" akauliza. "Hapo alicheka. Mimi namwambia nikuzike nikalale, yeye anacheka mpaka anashika sinki. Kicheko chake kiko wapi?"

"Haishiki vicheko, mzee wangu," nikasema.

"Kweli?" Alinitazama kama nimemwambia nimeiba. "Miaka yote hiyo? Sasa imeshika nini?"

Atilio alipumua kwa nguvu, akamgeukia dada yake. "Umeona? Utani."

"Sumu ni nini?" Gaudensia akauliza. Hakumtazama kaka yake. "Utani nimeelewa. Mla mbwa nimeelewa. Lakini ulimletea kitu, mama akasema cha Ijumaa iliyopita kilikuwa kidogo. Mtu hawezi kuonja utani. Ulikuwa unampa nini?"

Mzee Osmundi alizungusha kofia yake mikononi, mara moja, mara mbili.

"Chumvi," akasema.

Gaudensia alilirudia neno hilo, kama hajalisikia.

"Chumvi kidogo, kwenye karatasi. Kila Ijumaa ukiwa zamu. Alisema unampikia maji ya moto unayaita mchuzi. Nilikataa mwanzoni. Akaniambia, Osmundi, nimekula bila ladha mwaka mzima, hata maiti anapakwa kitu. Nikamletea. Tukaiita sumu, kwa sababu daktari aliiita hivyo, alimwambia mama chumvi kwako ni sumu. Basi tukawa tunacheka."

"Presha yake ilikuwa mia mbili," Gaudensia akasema. Alisema polepole, kila neno peke yake. "Nilibadilisha dawa mara tatu. Nilikuwa naandika kila asubuhi kwenye daftari, najiuliza nakosea wapi. Nilidhani ni mimi. Nilimwambia daktari labda ni mimi sipimi vizuri." Akainuka. "Ulimuua."

"Huenda," mzee akasema.

Nilitegemea ajitetee. Hakujitetea.

"Ndiyo maana sikuja kuzika," akasema. "Ningekuja nilale kaburini, nidai kuku, niseme nimemuua mimi Mngoni, ndivyo tunavyosema siku zote, watu wacheke. Sasa ningesemaje, na mwenyewe sijui kama ni uongo? Nilivaa koti, nikafika mpaka njia panda, nikarudi." Akanigeukia. "Fundi, nasikia kisu chako kinafuta. Nenda mwisho kabisa, Ijumaa ya mwisho. Nifutie pale. Hayo matusi yote yaache, hata wakinifunga. Pale mwisho ndipo sitaki pabaki."

"Kuna nini pale?" Gaudensia akauliza.

"Sikiliza mwenyewe. Mimi siwezi."

Nikatoa waya wa hedifoni ili tusikie wote, nikapeleka sindano ukingoni mwa ubao, upande wa dirisha. Sauti ya mzee ikatoka, safi, ya adabu, kama ya katekista.

"Shikamoo, Mama Vitalina. Pole sana kwa kuumwa. Mungu akujalie nafuu."

"Osmundi?" Sauti ya mama ilikuwa imepungua. "Mbona hivyo? Kwani nakufa?"

Sindano ikapita mahali patupu. Ndicho kimya cha kwanza nilichokikuta kwenye ubao ule wote.

"Sumu yangu iko wapi? ... Nitukane basi. Osmundi. Nitukane."

Patupu tena. Halafu sauti nyingine, ya Gaudensia mwenyewe, kutoka mlangoni. "Mama, umeamka? Nani alikuwa hapa?"

"Mzee mmoja mpole," Mama Vitalina akajibu. "Simfahamu."

Ubao uliishia hapo, umejaa.

Mzee Osmundi alikuwa ameugeuzia ukuta uso wake. "Nilimkuta amevimba miguu," akasema. "Nikaogopa. Ulimi ukagoma. Nilimtukana miaka thelathini, na siku aliyoniomba nikamwamkia kama mgeni. Akajua. Nilimwona alivyojua."

Gaudensia alikaa sakafuni na sare zake nyeupe. "Niliandika kwenye daftari," akasema. "Saa kumi jioni. Mgonjwa amechanganyikiwa, hatambui watu." Akajifunika uso. "Alikuwa anakusema, mzee. Alikuwa na akili zake zote, anakusema, na mimi nikaandika amechanganyikiwa."

Tulimwacha alie. Atilio alichuchumaa karibu yake bila kumgusa. Mimi nilisimama pembeni ya mashine yangu na mkono kwenye swichi, sijui kama nitakata leo au nitafunga ubao kwenye blanketi na kuupeleka maabara. Sahihi ilikuwa ya wawili, lakini niliamua kwamba ya kwanza iwe ya Gaudensia. Maiti ni wake, na aliyedhulumiwa kwa zile Ijumaa zote ni yeye.

Nikachukua fomu ukutani, nikampa na kalamu. "Swali la tatu," nikamwambia. "Ukiandika Ndiyo, sitakulaumu."

Alilisoma. Alilisoma muda mrefu kuliko maneno yaliyomo. Kisha akainua macho kumtazama yule mzee aliyesimama ukutani, na nikaona midomo yake inahangaika. Vijana hawa wamekulia kwenye nyumba za mezamaneno. Hakuna aliyewahi kuwafundisha kutukana kwa upendo.

"Mzee Osmundi," akaanza, halafu akasita, akaanza upya. "Wewe... wewe Mngoni. Mtumwa wetu tuliyekupiga vitani." Lilitoka kama mtoto anayesoma ubaoni. "Hiyo chumvi yenyewe, maskini kama wewe, ulikuwa unaiba wapi?"

Mzee aligeuka taratibu. Macho yake yalikuwa mekundu. Alimtazama yule binti pale chini, akaivaa kofia yake, akaiweka sawa.

"Kabatini kwako, mla mbwa," akasema. "Ulikuwa unaificha nyuma ya unga. Hata kuficha hujui."

Gaudensia alifungua mdomo na kicheko kikamtoka bila ruhusa yake, kikubwa, cha kukwama na machozi, na Atilio akacheka kwa sababu dada yake anacheka. Gaudensia akaiweka fomu juu ya goti, akatia alama kwenye Hapana na sahihi yake chini, akanirudishia kalamu. Nikatia sahihi yangu chini ya yake.

"Siku zipi, sasa?" nikauliza.

"Za katikati," Atilio akasema. "Pale alipokuwa ananisema kwa kuunguza sufuria. Hizo nitazikumbuka bila msaada."

Nikavaa barakoa, nikawasha mota. Mzee Osmundi alivuta kigoda akakaa karibu na Gaudensia, na kisu kilipogusa ubao akaanza kumsimulia, kwa sauti ya juu kuliko mashine, tusi la kwanza alilowahi kupewa na Mama Vitalina.